Nani Anamtunuku Nani?

Mhadhara kwa walimu wa lugha wa Musoma, Bunda na Butiama



Nimepangiwa kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "bestow". Mkikitazama hivi ni kidogo, ila kinawasumbua watahiniwa kuliko ukubwa wake. Mwanafunzi hukutana nacho kwenye kifungu cha ufahamu, hufungua kamusi, huona "tunuku", na tangu siku hiyo kila anayetoa chochote katika insha zake hutunuku. Nimewahi kusahihisha insha ambamo mama alimtunuku mwanawe uji wa moto. Katika nyingine ng'ombe waliitunuku familia maziwa. Nilicheka, kisha nikafungua gazeti nikakuta mambo si tofauti sana: mtu katunuku madawati, mwingine katunuku mabati, mwingine katunuku kisima.

Kamusi haikukosea. "Tunuku" ni jibu sahihi mahali pake. Shida ni kwamba kitenzi hiki cha Kiingereza kimetembea sana kabla ya kufika kwenye hicho kifungu cha ufahamu, na aliyekuta kituo cha mwisho peke yake hudhani safari yote ilikuwa hapo.

Mzizi wake, "stow", ni kuweka kitu mahali, kukipanga, kukihifadhi. Mabaharia wa Kiingereza hadi leo wanalitumia neno hilo kwa shehena inayopangwa ndani ya meli. Kwa hiyo zamani kitenzi chetu hakikuwa na nishani wala shahada. Kilikuwa kitenzi cha ghala.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kusafiri mbali. Nendeni Butiama. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ile ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akaipitia upya, ikachapwa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari; mwaka huohuo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Ukizisoma zote mbili kwa Kiingereza utakikuta kitenzi hiki, na katika sehemu tatu ninazotaka kuwaonyesha hakihusiani kabisa na kumpa mtu heshima.

Ya kwanza iko katika Juliasi Kaizari, usiku wa dhoruba kule Roma. Cassius ana karatasi alizoziandaa ili Brutus azikute adhani wananchi wanamlilia aiokoe nchi. Anamtuma Cinna: moja aiache kwenye kiti cha hakimu, nyingine airushe dirishani kwa Brutus, nyingine aibandike kwa nta kwenye sanamu ya babu yake. Cinna anajibu kwamba atakwenda kuziweka kama alivyoagizwa, na kwa "kuziweka" Shakespeare ametumia kitenzi hiki. Mwanafunzi wetu wa uji wa moto angesema Cinna alikwenda kuitunuku sanamu karatasi.

Ya pili iko kwa wafanyabiashara wa Venisi. Bassanio anajiandaa kwenda kuposa, anampa mtumishi wake Leonardo orodha ya manunuzi na kumwambia vitu vikishanunuliwa vipangwe vizuri. Hapo ni kupanga mizigo. Ya tatu iko mwishoni mwa Juliasi Kaizari. Brutus amekwisha kufa, Octavius ameshinda, na anamuuliza Strato, mtumishi wa marehemu, kama yuko tayari kuutumia wakati wake pamoja naye, yaani kuingia katika utumishi wake. Hapo ni kutumia, kujitoa kwa kazi fulani. Kwa hiyo mtu wa Butiama, akiwa na nchi nzima mikononi na bado akipata muda wa kushika kalamu, alikutana na kitenzi kilekile kikimdai kila safari neno jingine. Mfasiri asiyetazama nani anafanya nini kwenye jukwaa angeumbuka mapema sana.

Walio na Biblia mbili nyumbani, ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 na ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, wanaweza kuendeleza uchunguzi huu Jumapili bila msaada wangu. Katika Luka sura ya 12 yuko tajiri aliyevuna sana hadi akakosa pa kuweka mavuno. Kwa Kiingereza ni kitenzi hiki. Kwa Kiswahili ni "kuweka". Katika Yohana sura ya 4 wanafunzi wanaambiwa wanavuna wasichokifanyia kazi. Kiingereza kinatumia kitenzi hiki pamoja na neno la kazi, na Kiswahili kinakata kwa neno moja, "kutaabikia". Katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 13, kuhusu mtu anayegawa mali zake zote kwa maskini, ni "kutoa". Katika waraka wa kwanza wa Yohana sura ya 3, kuhusu pendo la Mungu, ni "kupa", bila mbwembwe yoyote. Na katika Wafilipi sura ya 2, pale tafsiri za Kiingereza za karne ya 20 zinapolileta neno hili kwa ajili ya jina alilopewa Kristo, Kiswahili chetu kina "kukirimia".

Hesabuni: weka, taabikia, toa, pa, kirimia. Hakuna "tunuku" hata moja. Watafsiri wale walijua kazi yao. Na Mwalimu mwenyewe, baada ya kustaafu, alirudi kwenye maandiko hayohayo akayaandika kwa tenzi, Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zikachapwa mwaka 1996. Nawashauri wanaopenda ushairi wazitafute. Hazisomwi inavyostahili, hata hapa kwetu alikozaliwa.

Sasa neno la kuweka limefikaje kwenye heshima? Kwa njia nyepesi kabisa. Ukimvika mtu joho, umeliweka juu yake. Taji linawekwa kichwani, nishani inawekwa kifuani. Ndiyo maana Kiingereza mpaka leo kinataka kihusishi cha "juu ya" baada ya kitenzi hiki: kitu kinatajwa kwanza, kisha mtu ambaye kinashuka juu yake. Anayepokea yuko chini, anayetoa yuko juu. Ukisoma Kiingereza cha leo utakuta watoaji ni walewale: Mungu, maumbile, mfalme, bunge, chuo kikuu. Mtoto hamfanyii hivyo bibi yake. Walimu wa Kiingereza, hilo lifundisheni kabla ya tahajia.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapotumbukia, kwa sababu wanabeba kile kihusishi na kukileta huku. "Rais alitunuku nishani juu ya askari." Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kiswahili kinamweka mpokeaji ndani ya kitenzi: alimtunuku askari nishani.

Niruhusuni nikae kidogo hapa, maana ndipo utamu wa sarufi yetu ulipo. Mzizi -pa ni silabi moja tu, lakini una masharti makali. Hautaki kusimama bila kumtaja anayepewa. Nilimpa, wakanipa, tutawapa. Jaribu kumwondoa mpokeaji uandike "alipa kitabu", msomaji ataona mtu amekilipa kitabu. Hata ukimweka mpokeaji kuna mitego: "walitupa chakula" inaweza kuwa karamu au inaweza kuwa jalala, na ni maneno ya jirani tu yatakayokuokoa. Lakini sharti lenyewe ni zuri. Ukitumia -pa, lazima umwone mtu. Kitenzi "toa" ni tofauti: kitu kinatoka mkononi mwako na si lazima useme kimefika wapi. Unatoa sadaka, unatoa hotuba, unatoa ahadi. Wanasiasa wanakipenda sana kitenzi hiki.

"Tunuku" kimejengwa upande wa -pa, kinamtaka mpokeaji. Kina tabia moja inayowachanganya wahariri: wengine huandika "alimtunuku nishani", wengine "alimtunukia nishani". Kwa kutendwa zote zinaangukia "alitunukiwa", maana vitenzi vyetu vinavyoishia na -u, kama jibu na haribu, hutendwa kwa -iwa. Mimi natumia "alimtunuku" na sioni sababu ya kumkata alama anayetumia nyingine.

Ndani yake limo neno "tunu", yaani kitu cha thamani, adimu, kinachopendwa. Kwa hiyo Kiingereza kilianzia ghalani kikapanda hadi ikulu, Kiswahili kilianza na thamani ya kitu chenyewe. Na ukilitaja neno tunu, yuko mtu wa mkoa wetu wa Mara wa kutajwa nalo. Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda, mbunge wa huko kwa wakati wake na Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1985 hadi 1990, ndiye aliyeongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Rasimu ya tume ile ilikuwa na ibara ya Tunu za Taifa, zikiwamo utu, uzalendo, uadilifu na umoja. Tarehe 30 Desemba 2013 rasimu ya pili ilipelekwa kwa Rais Kikwete. Kumbukeni kitenzi kilichotumika siku ile. Tume ilimkabidhi Rais rasimu. Haikumtunuku, haikumzawadia, haikumpatia. Ilikabidhi, kwa sababu maoni yaliyomo yalikuwa ya wananchi na tume ilikuwa imeyabeba tu. Anayekabidhi anasema kwa kitenzi chake kwamba kitu hiki hakikuwa changu. Mimi naona hicho ndicho kitenzi chenye adabu kuliko vyote katika familia hii ya kutoa, na ndicho tunachokionea.

Chuoni mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzishwa tarehe 1 Julai 1970, Mkuu wa Chuo wa kwanza alikuwa Mwalimu Nyerere. Kazi mojawapo ya Mkuu wa Chuo ni kusimama kwenye mahafali na kutamka kwamba, kwa mamlaka aliyopewa, anawatunuku wahitimu shahada zao. Tazameni vitenzi viwili katika tamko la namna hiyo. Cha kwanza ni kupewa: hata yeye amepewa. Cha pili ni kutunuku: sasa anashusha kwa wengine. Na kitendo kinakamilika kwa kutamka. Kabla ya sentensi ulikuwa mtahiniwa, baada ya sentensi una shahada, na hakuna aliyenyanyua kitu chochote isipokuwa sauti.

Kijana mmoja aliniuliza swali zuri juu ya hili. Mbona nimesota miaka mitatu nikasoma kwa taa ya mafuta, halafu waseme wamenitunuku? Si nimeipata kwa jasho langu? Jibu langu ni kwamba elimu umeipata mwenyewe na hakuna anayeweza kukutunuku elimu. Kinachotunukiwa ni hadhi, ule ushahidi wa hadharani kwamba unayo, na hadhi haichumwi peke yako shambani. Ina wenyewe. Ndiyo maana tunasema "amepata maarifa" lakini "ametunukiwa shahada", na ukizigeuza sikio linakataa.

Mwalimu Nyerere alikuwa mkali katika jambo hili. Aliwahi kutoa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa kijana mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda kuleta msaada kutoka mbali. Akikila chakula kile asirudi, huyo ni msaliti. Kwa macho yake, nafasi ya chuo ilikuwa dhamana. Ni hapahapa Musoma, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana ikatoa lile Azimio la Musoma. Wengi mnalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote ifikapo mwaka 1977. Sehemu yake nyingine iliwagusa wahitimu wa kidato cha sita: kabla ya kuingia chuo kikuu wakafanye kazi kwanza, na wapendekezwe na waliowaona wakifanya kazi. Utaratibu huo ulikuwa na taabu zake, baadaye ukalegezwa, na sina nia ya kuutetea hapa. Nasema tu kwamba nyuma yake kulikuwa na msimamo kuhusu kitenzi: nafasi ya chuo mtu anakabidhiwa, shahada ndiyo anayotunukiwa.

Mwalimu mwenyewe alitunukiwa mengi. Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 1983, Tuzo ya Amani ya Gandhi kutoka India mwaka 1995, akiwa mtu wa kwanza kuipokea. Siku hizi jina lake ndilo linalotunukia wengine: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa. Katika haya yote kitenzi kimekaa sawa. Kuna mamlaka, kuna hadhi, kuna hadhara.

Turudi nyumbani. Sisi watu wa Mara tunasifika kwa kusema bila kuzunguka. Mtu wa pwani husema "naomba unipatie", sisi tunasema "lete". Wenzetu hudhani ni ukali. Lakini chunguzeni jinsi tunavyotoa, mtaona upole uliofichwa ndani ya vitenzi vingine kabisa. Kijana akitoka Mwanza na kilo mbili za sukari kwa mama yake, hasemi "nakupa". Anasema "nimekuletea". Mgeni anayeaga hampi mzee pesa waziwazi, anamshika mkono kwa mikono miwili, noti ikiwa imekunjwa ndani, na kusema "nakuachia ya chumvi". Ni noti ya kununulia mfuko mzima wa chumvi na bado inaitwa ya chumvi. Anayetoa kwa mkubwa wake anatafuta kitenzi kitakachomshusha yeye: ameleta, ameacha. Angalau mbele ya wazee, kumpa mtu ana kwa ana kunahitaji kufichwa.

Pale mwaloni Mwigobero, hapahapa Musoma, ni vilevile. Mama amejaza kopo la dagaa mpaka juu, umelipa, bado umesimama. "Niongeze basi, dada." Anachota kwa vidole vitatu, anamwagia juu ya kopo, wachache wanadondoka chini, naye anasema "haya, nimekuongeza, kesho usinipite". Hapo pana biashara, pana ukarimu, pana na mtego wa kukurudisha kesho, vyote ndani ya kitenzi "ongeza". Hakuna kamusi ya Kiingereza itakayowapa neno moja la dagaa wale.

Sasa niseme lililonileta. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye shule moja ya msingi wilayani Bunda, siku ya makabidhiano ya madawati. Yalikuwa yamepangwa chini ya mwembe, yananukia vanishi, utepe mwekundu umefungwa kwenye lile la mbele. Watoto waliimba. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba mgeni rasmi ametutunuku madawati, tupige makofi, tukapiga. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu alipiga makofi mawili, akaniinamia akasema: "Mwalimu, ile elfu tano yangu ya mchango, nayo katutunuku yeye?"

Sikuwa na jibu la haraka, lakini swali lake ndilo kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Kabla ya kuchagua kitenzi, uliza kitu hiki kilikuwa cha nani jana. Kama kilikuwa changu nikakitoa mfukoni, nimekupa, au nimekuzawadia, na una haki ya kunishukuru. Kama kilikuwa chako, au chetu sote kwa michango na kodi, mimi niliyekifikisha nimekukabidhi tu, na shukrani inatosha kuwa ya tarishi. Kama ni hadhi ambayo mamlaka halali inaitoa mbele ya watu, na ambayo haipungui kwa kutolewa, hapo ndipo pa kutunuku. Dawati linapungua. Likitoka karakana moja, karakana ile ina dawati moja pungufu na kuna mtu alilipia mbao.

Wapo watakaosema haya ni maneno tu, mradi watoto wamekalia madawati. Mimi nimefundisha lugha muda mrefu mno kukubali hilo. Mtoto anayesikia tangu darasa la kwanza kwamba dawati lake ametunukiwa na mtu fulani, atakapokuwa mkubwa ataomba hata kile ambacho ni haki yake kukidai. Na mgeni rasmi anayezoea kutangazwa hivyo, baada ya muda naye huamini.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, walimu. Jumatatu mkirudi madarasani, mpeni kila mwanafunzi habari moja ya gazeti ambamo mtu ametoa kitu: nishani, gari la wagonjwa, tuzo, mabati, shahada, visima. Afute kitenzi cha mwandishi. Aulize kitu kile kilikuwa cha nani, nani anakipokea, na baada ya kutolewa nani amepungukiwa. Kisha achague mwenyewe kati ya pa, letea, kabidhi, zawadia, kirimu na tunuku, na aeleze kwa sentensi mbili kwa nini. Atakayeandika kwamba madawati yale ya Bunda yalikabidhiwa, mpeni alama zote.